Kidingapopo, dengue na barua ya malkia

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi, nafanya kazi Tanga. Kwenye semina ya homa ya dengi mwezeshaji alituambia kwamba neno la Kiingereza dengue limetoka kwenye Kiswahili, kwamba sisi ndio tulioupa ulimwengu jina hilo. Wenzangu wengine walipiga makofi, wengine wakasema ni porojo. Mama yangu ni mtu wa Pangani, na ugonjwa huo anauita kidingapopo. Je, ni kweli jina ni letu? Na huyo popo anaingiaje? Wagonjwa wananiuliza kama homa hii inaletwa na popo."

Dada yangu, nianze na popo, kwa kuwa swali la mgonjwa halipaswi kungoja historia ya maneno. Popo hana lolote hapa. Dengi hubebwa na mbu, hasa yule aitwaye Aedes aegypti: mweusi, ana madoa meupe miguuni, anauma mchana kweupe, zaidi asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Hutaga mayai penye maji yaliyotulia, kwenye pipa, ndoo, tairi bovu, kifuu cha nazi. Mgonjwa akikuuliza habari za popo, mwoneshe pipa la maji. Huyo popo wa kwenye jina nitamrudia, maana ana kisa chake, na kisa hicho kimo ndani ya jibu la swali lako kubwa.

Sasa neno. Mwezeshaji wako hakubuni. Kamusi kubwa za Kiingereza, ile ya Oxford ikiwamo, zinaeleza kwamba dengue iliingia katika Kiingereza kupitia Kihispania cha visiwa vya Karibi, na kwamba nyuma ya Kihispania hicho kuna neno la Kiswahili, dinga au denga. Watu wa kamusi huandika kwa tahadhari. Lakini habari ikishatoka kwenye kamusi ikafika kwenye semina, kila "huenda" na kila "yasemekana" hudondoka njiani, na kinachobaki ni kauli moja isiyo na shaka: dengue ni Kiswahili. Mimi kazi yangu ni maneno ya tiba na nasaba zake, na katika kazi hii swali la kwanza huwa ni lilelile la mahakamani: nani alilisikia, wapi, mwaka gani? Ukiliuliza hapa, unagundua kwamba hoja nzima imesimama karibu yote juu ya mabega ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni James Christie, daktari wa Kiskoti aliyefanya kazi Unguja miaka ya 1860 na mwanzoni mwa miaka ya 1870. Wanaosoma historia ya tiba wanamfahamu zaidi kwa kitabu chake cha 1876 kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki. Alikuwapo mjini Unguja wakati kipindupindu cha 1869 na 1870 kilipobeba watu kwa maelfu. Mji haujamaliza kuzika, katikati ya 1870 ikazuka homa nyingine. Hii haikuwa ya kuua, lakini iliwaangusha watu ovyo, wakubwa kwa wadogo: mtu anashikwa ghafla, viungo vinamkaza, kusimama hawezi, kisha vipele vinatokea mwilini. Na homa ikishaondoka, viungo havikubali kupona upesi.

Christie akawauliza wenyeji jina la ugonjwa. Wakamjibu kuwa ni kidinga pepo. Na wazee wakaongeza jambo ambalo halikumtoka akilini: ugonjwa huu si mgeni, uliwahi kupita Unguja mwaka wa 1823 hivi, na jina lake lilikuwa hilohilo. Mwaka 1872 aliandika juu yake katika jarida la madaktari wa Uingereza, na jina kidinga pepo akaliweka kwenye kichwa cha makala. Mwaka 1881 akaandika tena, kwa kirefu, katika jarida la Glasgow, na humo ndimo alimojenga hoja ambayo mwezeshaji wako aliirithi. Homa iliyozuka mwaka 1827 katika kisiwa cha St. Thomas, huko Karibi, alisema Christie, ni ileile ya Unguja ya 1823. Ilivuka bahari pamoja na biashara ya utumwa, na jina likavuka nayo. Watumwa walisema dinga, Wahispania wakasikia kitu kinachofanana na neno lao wenyewe, wakaandika dengue.

Naomba tukae kidogo na jina lenyewe, kwa sababu hapa msemaji wa Kiswahili anaona kitu ambacho Christie hakukiona sawasawa. Yeye alilikata vipande vitatu. Ki, akasema, ni kiambishi cha kuonesha sehemu ya kitu. Dinga akaifasiri kuwa mshtuko wa ghafla unaokakamaza mwili. Pepo hahitaji tafsiri. Kwenye ile ki- ndipo alipoteleza. Fikiria magonjwa unayoyaandika kila siku kwenye kadi: kipindupindu, kifaduro, kifafa, kichocho, kisonono, kiharusi, kichomi, kikohozi, kisukari, kipandauso. Kiswahili kinapotaka kuupa ugonjwa jina, ngeli ya KI-VI ndiyo nyumba ya kwanza kubisha hodi. Kipindupindu ni kile kinachompindua mtu. Kipandauso ni kile kinachopanda usoni. Kidinga kinaingia katika mstari huo bila kusukumwa, kama ndugu aliyechelewa kufika shughulini.

Na pepo vilevile. Pepopunda, ule ugonjwa unaoingilia kwenye jeraha ukakaza taya na kuupinda mgongo, umebeba pepo kwenye jina lake mpaka leo, na hakuna anayeona ajabu kuuandika kwenye kadi ya chanjo. Mwili ukikakamaa ghafla bila sababu ya kuonekana, watu wa Pwani walimtaja pepo. Kwa hiyo kidinga pepo lilifuata desturi mbili za Kiswahili kwa pamoja: ngeli ya maradhi mbele, pepo wa mkakamao nyuma. Mtu anaweza kuuliza kama jina halikuja kwa meli kutoka ng'ambo, Waswahili wakalivika nguo zao tu. Swali la haki, kwani tumeshafanya hivyo mara nyingi. Kitabu ni neno la Kiarabu, lakini ile ki- yake iliyokuja kwa bahati tuliigeuza kuwa ngeli, tukapata vitabu. Madereva wamelifanya hivyo neno kipilefti, wakapata vipilefti. Ila kwa kidinga pepo naona dalili zinaelekea kwetu. Pepo ni wetu moja kwa moja, na wazee wa Unguja waliurudisha ugonjwa na jina lake hadi 1823, miaka minne kabla ya St. Thomas. Umbile la neno lenyewe linanishawishi kuliko maelezo yote ya Christie.

Hapo pia ndipo popo alipoingilia. Kamusi za Kiswahili za siku hizi zinaandika kidingapopo, neno moja. Christie aliandika pepo. Nionavyo mimi, maneno mawili yalipogandana, kile kipande cha mwisho hakikusikika tena kama neno lenye maana yake, na ulimi ukateleza kwenda kwenye neno la karibu. Yawezekana pia kuna haya ndani yake. Sisi ni watu ambao nyoka wa usiku hatumtaji kwa jina. Kumtaja pepo kila siku kwenye nyumba yenye mgonjwa si jambo jepesi, na popo hana madhara. Basi mwambie mgonjwa wako hivi: popo huyo si mnyama, ni pepo aliyebadilishwa irabu. Na pepo mwenyewe, siku hizi tunajua, ni kirusi kinachosafiri mwilini mwa mbu.

Turudi Karibi. Kisiwa cha St. Thomas wakati huo kilikuwa chini ya Denmark, na bandari yake ilikuwa njia panda ya meli za kila taifa. Homa ya 1827 ilipowashika watu, waliokuwa wakisema Kiingereza waliiita dandy. Dandy kwa Kiingereza ni mtanashati, yule kijana wa mjini mwenye kola ngumu anayetembea shingo imenyooka kama amemeza ufito. Mgonjwa aliyekakamaa mgongo na shingo alitembea hivyohivyo, na utani ukawa jina. Mwaka uliofuata ugonjwa ukafika Cuba. Huko kwanza uliitwa dunga, kisha ukaitwa dengue. Na dengue kwa Kihispania lilikuwa neno la zamani lenye maana ya madeko, mikogo, kujishaua, ile hali ya mtu kujifanya laini asiyeweza kuguswa. Waingereza walimwona mgonjwa wakakumbuka mtanashati, Wahispania wakamwona wakakumbuka mwenye madeko.

Kuna wanaosema dengue ni dandy iliyogeuzwa Kihispania. Wengine, na kamusi ya Oxford iko upande huu, wanasema dandy na dengue zote mbili ni dinga ya Kiswahili, kila taifa likiliingiza katika neno lililokuwa tayari kinywani mwake. Jambo hilo hutokea mno, na wanaisimu wana jina lake, lakini mfano wa kitabu na vitabu unatosha. Sikio la mgeni halipendi kubaki na sauti tupu, hutafuta maana, na lisipoipata huitengeneza.

Ukiniuliza ushahidi gani unanivuta zaidi upande wa Kiswahili, nitakuonesha lile neno dunga. Dengue ina mzaha ndani yake, dandy pia. Dunga haina mzaha wowote wa madeko wala wa utanashati. Mtu wa Cuba aliyeanza na dunga ni kama mtu anayejaribu kuandika neno alilolisikia kwa mtu mwingine, asilolijua maana. Kutoka dinga hadi dunga ni irabu moja tu. Kwa miaka mingi hoja hii ilinitosha, na nilikuwa nikiifundisha kwa fahari.

Kisha kuna barua ya malkia.

Mwaka 1998 José Rigau-Pérez, mtaalamu wa magonjwa ya milipuko wa Puerto Rico, alichapisha makala kuhusu matumizi ya mwanzo ya majina haya katika Kihispania. Ndani yake kuna barua ya Malkia María Luisa wa Hispania, mke wa mfalme Carlos IV, ya Juni 1801. Malkia anasema ana nafuu, kwamba alichokuwa nacho ni yale mafua ya fasheni yanayoitwa dengue, na analalamika kwamba akizungumza kwa muda koo linamuuma. Kwa hiyo miaka 26 kabla ya St. Thomas, na miaka 22 kabla ya ile homa ya Unguja wanayoikumbuka wazee, Wahispania wa Ulaya walikuwa na ugonjwa unaoitwa dengue. Koo na mafua haviendi na ugonjwa wa mbu wetu. Yaelekea lilikuwa jina la mzaha kwa homa yoyote inayopita na kumwacha mtu amelegea kama mwenye madeko. Matumizi hayo hayakufa pia: mafua makali yalipoizunguka Ulaya mwishoni mwa 1889, Madrid yaliitwa dengue.

Hii ndiyo sehemu ambayo semina hazifiki. Kama Kihispania kilikuwa tayari na dengue, tena kwa maana ya homa, basi hakikuhitaji kuazima neno Unguja. Mnyororo wa Christie unakatika pale hasa alipodhani una nguvu, kwa sababu alijua Kihispania kina neno dengue la madeko, lakini barua hiyo hakuwa nayo. Rigau-Pérez alionesha pia kwamba jina la Kihispania la homa ya kuvunja mifupa lilikuwa Puerto Rico mwaka 1771. Daktari Benjamin Rush wa Philadelphia aliposimulia homa ya 1780 mjini kwake, naye alitaja kwamba watu waliiita mvunja mifupa. Upande wa pili wa dunia, Batavia, mji unaoitwa Jakarta leo, David Bylon aliandika mwaka 1779 juu ya homa ya viungo iliyomshika yeye mwenyewe. Homa za namna hii zilikuwa zikizunguka bandari za joto muda mrefu kabla ya 1823, kila mahali zikipewa jina na waliolala chini wakiumwa.

Njia ya utumwa nayo tuitazame kwa macho makavu, ingawa ni vigumu. Mkataba ambao Waingereza walitiliana saini na Seyyid Said mwaka 1822 ulipiga marufuku raia wake kuwauzia Wakristo watumwa. Haukukomesha biashara, ila katika miaka hiyo ya 1820 watu wengi waliovushwa kutoka upande huu wa Afrika kwenda Brazil na Cuba walipitia bandari za Wareno, Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane. Cuba walijulikana kwa jina la Macuá, yaani Wamakua. Hao lugha yao ilikuwa Kimakua. Kwamba miongoni mwao walikuwamo wanaojua Kiswahili cha pwani na jina la homa ya pwani, hilo linawezekana sana, njia za misafara hazikuwa na ukuta. Lakini linawezekana na limethibitishwa ni mambo mawili. Watu hao hawakuachiwa nafasi ya kuandika walichokiita ugonjwa wao, na hilo ndilo pengo ambalo hakuna kamusi itakayolijaza.

Linganisha na kwashakoo. Daktari Cicely Williams alifanya kazi Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, aliwaona watoto waliovimba miguu na kubadilika nywele, akawauliza akina mama wa Accra jina la maradhi, wakamwambia kwa Kiga, lugha ya wenyeji wa Accra. Mwaka 1935 akalichapisha jina hilo katika jarida la madaktari la London, nalo likaingia Kiingereza na lugha nyingine zote likiwa na cheti chake cha kuzaliwa. Nasaba iliyothibitika inafanana hivyo. Ya dengue imekosa karatasi za katikati. Tena angalia tarehe: Chuo cha Madaktari cha London kilipitisha jina dengue katika orodha yake rasmi ya magonjwa mwaka 1869. Hiyo ni kabla hata Christie hajalisikia jina kidinga pepo kwa masikio yake. Kiingereza cha madaktari kililichukua neno kutoka kwa Wahispania bila kujua lolote la Unguja. Unguja iliongezwa baadaye, kama babu anayetafutwa baada ya harusi.

Ugumu mwingine unahusu kazi yako kuliko yangu. Je, kidinga pepo cha 1870 kilikuwa dengi kweli? Mwaka 1971 Donald Carey, mtaalamu wa virusi, aliyarudia maelezo ya Christie akiwa na maarifa ambayo Christie hakuyapata. Akaona viungo vinavyokaza ghafla hadi mtu hasimami, na maumivu ya viungo yanayorudi wiki baada ya wiki homa ikiwa imeshaondoka. Wewe unazijua dalili. Dengi huumiza misuli, kichwa na nyuma ya macho, na hatari yake ni kutokwa damu na mishipa ya damu kuvujisha majimaji. Ugonjwa unaomwacha mtu na viungo vibovu kwa miezi una jina jingine, chikungunya. Hoja ya Carey ni kwamba homa za Unguja za 1823 na 1870 zilikuwa chikungunya, na ile ya Karibi ya 1827 pia ilifanana nayo, ila jina dengue likahamia baadaye kwa ugonjwa mwingine ambao nao huletwa na mbu yuleyule. Nikiisoma makala ya Christie sioni sababu ya kumpinga.

Chikungunya ilitengwa kama ugonjwa wake mwenyewe kwetu hukuhuku. Mwaka 1952 na 1953 mlipuko ulipita kwenye nyanda za juu za Wamakonde, Newala, kusini mwa Tanganyika. Nyanda zile hazina mito. Maji yalitekwa mbali bondeni na kuhifadhiwa ndani ya nyumba, na penye maji ya kuhifadhi mbu wetu hakosi. Daktari Marion Robinson na mwenzake Lumsden walichapisha habari zake mwaka 1955, wakatumia jina la wagonjwa wenyewe, la Kimakonde, lenye maana ya kinachompinda au kumkunja mtu. Vitabu vingi vya tiba vikaandika baadaye kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili. Si kweli, na Wamakonde wana haki ya kulidai. Mwaka 1959 ndugu yake alizuka kaskazini mwa Uganda, akapewa jina la Kiacholi, o'nyong-nyong, akawapitia watu wapatao milioni 2 katika miaka mitatu.

Sasa weka kidinga na chikungunya kando kwa kando. Ile chi- ya Kimakonde na ki- ya Kiswahili ni kiambishi kimoja, cha ngeli ileile ya Kibantu. Ndiyo maana wenyewe husema Chimakonde nasi tukasema Kimakonde. Wazee wa Unguja mwaka 1823 na wagonjwa wa Newala mwaka 1952, wametenganishwa na miaka 129, waliukabili ugonjwa ambao yaelekea ni uleule, na kila mmoja kwa lugha yake akauita "kile kinachokakamaza", "kile kinachokunja". Mimi jambo hili linanigusa kuliko sifa ya kuonekana ndani ya kamusi ya Oxford. Watu hawa walitazama dalili kuu, ile inayotofautisha homa hii na nyingine, na wakaipa jina kwa usahihi ambao madaktari wa Ulaya waliufikia baada ya miaka mingi ya kuchanganya magonjwa mawili.

Kwa hiyo mwenzako akikuuliza, mjibu hivi. Kwamba kidinga pepo ni jina la Kiswahili, la wenyeji wa Unguja, lenye umri wa karibu miaka 200, hilo sema bila woga. Kwamba Kiingereza kililipata dengue kwa Wahispania wa Karibi, hilo nalo halina ubishi. Kwamba Wahispania walilipata kwa Waswahili, hapo punguza sauti. Mimi ninavyoona, maneno mawili yalikutana. Kihispania kilikuwa na dengue yake ya madeko na mafua. Kutoka upande wetu huenda kilikuja kidinga, na ile dunga ya Cuba ni alama ya mguu wake. Lililokuwa na wenyewe wengi pale likalimeza lililoletwa na watu waliofungwa minyororo. Waliopiga makofi walitangulia kidogo, na waliosema porojo wamekosea zaidi.

Umeniuliza pia, kwa kupitia mgonjwa, uitaje homa hii. Kwenye kadi na taarifa andika dengi au dengue kama kituo chako kinavyotaka, maana ndilo jina lililozoeleka tangu milipuko ya Dar es Salaam ya 2014 na 2019, na takwimu hazipendi majina mawili. Ukizungumza na mtu mzima wa Pwani, kidingapopo litafika haraka kuliko dengi, litumie, ila mwondolee popo palepale. Na akikuambia viungo vinamuuma wiki ya tatu sasa, kumbuka kwamba jina hilo la zamani lilizaliwa kwa ugonjwa wa viungo, na pendekeza kipimo cha chikungunya pamoja na cha dengi. Aspirini na ibuprofeni zisitumike mpaka dengi iwe imeondolewa kwenye orodha, hilo wewe unanifundisha mimi.

Nina ombi moja. Muulize mama maswali haya, na uyaandike majibu yake kwa maneno yake mwenyewe: je, aliwahi kusikia mzee yeyote akisema kidinga pepo badala ya kidingapopo? Alilisikia neno kwa nani, na mtu huyo alikuwa wa wapi? Aliyeugua anayemkumbuka alilala siku ngapi, na viungo vilimuuma mpaka lini? Na lile neno dinga, likiwa peke yake bila popo, Pangani lina maana gani? Kila tunachokijua juu ya mwaka 1823 kilitoka kwa wazee walioulizwa maswali kama hayo mwaka 1870, na Pangani Christie hakuuliza.